Betri Yangu Ilivyohamia Katumba

Jumatatu, 14 Julai 2025

Gari halijawaka. Nimekanyaga breki, nimebonyeza kitufe, taa zote za dashibodi zikawaka kwa pamoja, kisha zikazimika kwa pamoja. Tk-tk-tk. Kimya.

Saa moja na dakika kumi asubuhi. Mtaa mzima wa Makanyagio, hapa Mpanda, uko barabarani unakwenda kazini. Na mimi, Mwalimu Celestin, mwalimu wa Historia, mwenye gari la kitufe la kwanza mtaani, nimekaa ndani na suti yangu kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

Haidari mwenye duka akajitolea kusukuma. Wakaja na wengine. Watu saba wamesukuma hadi karibu na msikiti ndipo mteja mmoja wa Haidari akauliza kama hili gari si la otomatiki. La otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Nilijua. Nilikuwa nataka tu kulisogeza kivulini. Nimewaambia hivyo. Hawakucheka mbele yangu.

Lusia, mke wangu, alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Akasema kutoka hapa hadi shuleni ni hatua mia nne, alishazihesabu. Mwenye gari hahesabu hatua.

Nimefika nimechelewa, kwa miguu. Kidato cha pili wameuliza gari liko wapi. Nimewaambia liko kwenye matengenezo. Neno zuri sana. Hata serikali hulitumia.

Jumanne, 15 Julai

Amekuja Hadia, binti wa Haidari. Ni fundi umeme wa magari, ana banda karibu na stendi. Nilitaka fundi mwenye umri. Nilipata Hadia.

Amebana koleo jekundu na jeusi kwenye betri, kipimo chake kikasoma chenyewe. Afya ya betri, asilimia themanini na tano. Chaji, asilimia ishirini na nane. Akaleta nyaya na betri yake, akalistua gari, likawaka. Akapima tena injini ikiunguruma. Volti kumi na nne. Akasema alteneta nayo inachaji vizuri.

“Betri ni nzima, Mwalimu,” amesema. “Ina njaa tu.”

Ameniuliza naendesha kwenda wapi. Nikasema shuleni, na Jumapili kanisani. Akauliza kwingine. Nikasema kurudi. Akauliza jioni gari linafanya nini. Nikamweleza kwamba jioni nakaa ndani yake nasikiliza taarifa ya habari, feni ikipuliza, taa za mbele zikiwaka kidogo ili wapita njia wasijigonge. Injini siwashi, napunguza moshi mtaani.

Akasema magari ya siku hizi yana kompyuta zinazokula umeme hata yakiwa yamezimwa. Safari ya dakika mbili hairudishi hata ule umeme uliotumika kuliwasha. Akasema niache kukaa ndani na redio, na kila wiki niendeshe saa nzima. Hata kwenda Katumba, nje ya mji, na kurudi inatosha.

Kisha akafunga vyombo vyake akaondoka. Hakujaribu kuniuzia betri. Fundi asiyetaka kukuuzia kitu ana jambo lake.

Alhamisi, 17 Julai

Nimekumbuka dawa ya marehemu baba. Mawe ya redio yakiisha, aliyaanika juani siku nzima, jioni redio inaongea. Betri ni jiwe kubwa tu.

Nimeazima spana namba kumi kwa Haidari, nikaitoa betri, nikaianika uani juu ya kipande cha bati, pembeni ya mihogo ya Lusia. Nzito kama mtoto wa darasa la tatu. Kuku wamekuja kuikagua. Lusia naye amekuja kuikagua. Ameuliza kama nitaigeuza upande wa pili saa nane.

Niliigeuza saa nane.

Jioni nimeirudisha. Gari halikuwaka. Hadia amepita akitokea sokoni, akalistua bila kuniuliza kitu, akaenda zake. Ila sasa saa ya dashibodi inasema ni saa saba kamili, redio imesahau vituo vyote, na kioo cha upande wangu hakipandi mpaka nishikilie swichi mwanzo hadi mwisho. Gari limepoteza kumbukumbu. Kumbe ukitoa betri linasahau kila kitu. Ningekuwa gari, ningeomba nitolewe ya kwangu kila mwisho wa mwezi.

Uamuzi: betri ni mbovu, kipimo cha Hadia ni kibovu, na dawa ni betri nyingine.

Jumapili, 20 Julai

Siku kubwa.

Lazima kwanza nieleze Méthode ni nani. Ni mkulima wa mahindi na tumbaku, mzaliwa wa Katumba. Mwezi mmoja baada ya mimi kununua gari, naye akanunua. La aina ileile. Jeupe vilevile. Mimi nina shahada, yeye ana magunia, na pale nyuma ya ukumbi wa kanisa magari yetu yanalingana kama mapacha. Anakuja nalo kila siku kutoka Katumba, vumbi tupu, na linawaka kwa mbonyezo mmoja. Nimelisikiliza Jumapili nyingi. Mbonyezo mmoja.

Méthode anaimba besi kwaya kuu. Joho la kwaya halina mfuko. Kwa hiyo kila Jumapili, akipita kwenda mbele, ananiachia ufunguo wake mkononi bila hata kunitazama. Ndivyo watu wanavyoniamini.

Matangazo ya kanisa letu ni marefu, mtu anaweza kubadilisha injini. Mimi nilihitaji betri tu. Katibu alipoanza ratiba ya usafi wa jumuiya, nikatoka kama mtu anayeumwa tumbo. Spana ya Haidari bado ninayo. Boneti yake, boneti yangu. Yake kwangu, yangu kwake. Katibu alipofika kwenye mchango wa mabati, nilikuwa nimekaa mahali pangu, mikono nimeifuta kwenye leso.

Huu si wizi. Wizi ni kuchukua bila kuacha. Mimi nimeacha betri. Hii ni biashara ya kubadilishana mali kwa mali, mada ya kidato cha kwanza, nimeifundisha miaka kumi na tisa.

Nilimrudishia Méthode ufunguo wake. Akashukuru. Gari lake likawaka, ingawa lilivuta pumzi kidogo kwanza. Langu liliwaka kwa mbonyezo mmoja.

Jumatatu, 21 Julai

Nimekwenda shuleni kwa gari. Nikarudi mchana kwa chakula kwa gari. Nikaenda tena kwa gari. Haidari ameuliza kama nimenunua betri mpya. Nikasema nimefanya utaratibu.

Jioni nimekaa ndani na redio hadi Lusia akaniita mara tatu.

Jumanne, 22 Julai

Lusia ameleta habari wakati anachambua maharage. Mke wa Méthode, Eufrazia, ni mjamzito, siku zake zimefika. Nilijua ni mjamzito. Sikujua mengine. Mimba ya kwanza uchungu ulimshika usiku, wakampakia kwenye pikipiki, mvua, barabara mbovu, na mtoto akawapotea kabla hawajaona taa za Mpanda. Baada ya hapo Méthode aliuza tumbaku misimu miwili, hakuezeka nyumba, hakununua hata kiti. Alinunua gari.

“Analiwasha kila asubuhi kabla hajanawa uso,” amesema Lusia, “asikie tu kama linaitika.”

Nimeacha chakula. Lusia akauliza kama chumvi imezidi.

Nimempigia Méthode simu. Nikamuuliza habari za nyumbani, habari za shamba, habari za gari. Akasema vyote salama, gari asubuhi lilikuwa zito kidogo, labda ni baridi. Akanishukuru kwa kumkumbuka. Akasema watu wa kuulizana hali wamekuwa wachache.

Nilitaka kumwambia. Maneno yalifika hadi kwenye meno. Lakini salio likaisha. Lilikuwa limebaki kidogo, lakini lingeisha.

Jumatano, 23 Julai

Mtoto amezaliwa. Wa kike, kilo tatu na nusu. Anaitwa Glory. Uchungu ulianza alfajiri, wakapanda gari, wakafika hospitali kabla ya saa moja. Mama mzima, mtoto mzima. Méthode mwenyewe amenipigia.

Nimeuliza gari lilikuwaje. Akasema liliwaka.

Nimekaa kwenye ngazi ya ofisi ya walimu. Nimemshukuru Mungu, na sikuwa natania.

Baadaye, kipindi cha sita, nikaanza kufikiri vizuri. Betri ile ni yangu. Kama mtoto amefika hospitali, amefikishwa na betri yangu. Ukiliangalia jambo hili bila chuki, nimefanya tendo la huruma.

Na jambo la pili. Kama ile betri ni nzima kiasi hicho, mbona kwangu ilikuwa inakufa?

Ijumaa, 25 Julai

Tk-tk-tk.

Siku tano. Betri ya Méthode imedumu kwangu siku tano. Jana tu nilikaa nayo jioni, habari, michezo, kipindi cha maombi ya salamu, feni namba tatu. Leo imekufa.

Sasa nimeelewa. Méthode alikuwa na betri mbovu tangu mwanzo, anaificha kwa kuendesha endesha kila siku. Mimi nimempa nzima, yeye amenipa mgonjwa. Nimedhulumiwa. Na siwezi hata kwenda kulalamika popote.

Lusia ametoka kwenda sokoni. Amepita pembeni ya gari bila kuliangalia, kama mtu anayepita kwenye msiba wa watu asiowajua.

Jumapili, 27 Julai

Nimekwenda kanisani kwa bodaboda. Suti, bodaboda.

Baada ya ibada, Méthode akaomba kusema neno kwenye kikao cha wazee. Akasema Jumapili iliyopita mtu alifungua gari lake hapa hapa kanisani. Alipotoka alikuta saa inasema saba kamili, redio haina vituo, kioo hakipandi mpaka ushikilie swichi. Ameambiwa hiyo ni dalili kwamba betri imetolewa. Akasema hamtaji mtu na hadai kitu. Anaomba tu iundwe kamati ya ulinzi wa magari.

Wazee wakasema ni wazo zuri. Wakauliza nani awe mwenyekiti.

“Napendekeza Mwalimu Celestin,” akasema Méthode. “Yeye ndiye ninayemwachia ufunguo.”

Alinitazama muda mrefu wakati anasema hivyo. Macho ya heshima. Nimepita bila kupingwa. Nimepewa kizibao cha kung'aa na filimbi.

Nimetoa hotuba fupi. Nimewahakikishia kwamba mhusika tutampata hata kama yumo humu ndani. Watu walipiga makofi. Méthode hakupiga, alikuwa ameshika kofia yake.

Jumanne, 29 Julai

Nimemwita tena Hadia. Nilitaka apime betri hii, aandike kwamba ni mbovu, niwe na ushahidi. Sijui ushahidi wa kumpelekea nani, lakini mwenyekiti hukusanya ushahidi kwanza.

Amefungua boneti. Hata kipimo hajakitoa. Ameinama akaangalia ubavu wa betri, akapapasa upande wa pili, akasimama.

“Hii siyo niliyoipima.”

Nikamwambia betri zote zinafanana. Akasema zinafanana, ila kila betri anayoipima anaiandika ubavuni kwa wino mweupe, jina la mwenyewe na tarehe. Ya kwangu aliiandika: Mwl. Celestin, 15/7.

Sasa nakumbuka. Siku ya kuianika niliona kitu cheupe ubavuni. Sikuwa na miwani. Nilidhani ni cha kuku.

Hadia akapima. Afya asilimia themanini na nane, chaji asilimia ishirini. Akasema hii nayo ni nzima, na hii nayo ina njaa. Akauliza imetoka wapi. Nikaanza historia ya biashara ya kubadilishana. Akanisikiliza hadi mwisho, huku anakunja nyaya zake taratibu.

Amesema kwa sauti ya chini, maana baba yake alikuwa barazani anatuangalia: “Mwalimu, irudishe wewe mwenyewe kabla Jumapili haijaisha. Nisije nikaulizwa mimi, kwa sababu mimi sitadanganya.”

Ameniambia “shikamoo” wakati wa kuondoka. Hajawahi kuniamkia kwa namna inayouma vile.

Jumapili, 3 Agosti

Mpango ulikuwa mzuri. Mwenyekiti wa ulinzi ana haki ya kuwa kwenye maegesho wakati wowote. Nikavaa kizibao. Hadia alikuwa amelistua gari langu asubuhi, nikalifikisha kanisani, nikaliegesha pua kwa pua na la Méthode. Ufunguo akaniachia kama kawaida. Matangazo yakaanza. Nikatoka.

Yangu nimeitoa kwake, nimeiweka chini. Yake nimeitoa kwangu, nimeiweka kwake. Nafunga kichwa cha kwanza cha betri, nikaona viatu. Viatu vyenye udongo mwekundu, na juu yake joho la kwaya.

Nikapuliza filimbi. Sijui kwa nini. Mkono ulijiendea.

Nikamwambia nafanya ukaguzi. Akaitikia kwa kichwa. Akachuchumaa, akaigeuza betri yangu pale chini hadi maandishi yakatazama juu. Bila miwani hata mimi niliyaona.

“Ile alfajiri Eufrazia alikuwa ameshakaa ndani ya gari,” alisema. “Nikafungua boneti niangalie oili. Nikasoma jina lako.”

Nilimuuliza alifanya nini.

“Ningefanya nini? Nilifunga boneti. Nikamwomba Mungu. Nikabonyeza.”

Kutoka ndani kulisikika katibu akitangaza fungu la kumi. Nilimuuliza kwa nini hakusema siku ileile, kwa nini hakusema mbele ya wazee.

“Nilikuwa nangoja useme wewe. Ndiyo maana nikakupendekeza uenyekiti. Nilidhani ukikaa kwenye kile kiti utaona aibu.” Akasimama, akafuta mikono kwenye joho. “Ungeniambia tu, Mwalimu. Mimi nina gari, nina nyaya. Ningekuja kukustua kila asubuhi nikipita.”

Nikasema samahani. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilisema, na yeye akasikia. Akachukua spana mkononi mwangu. Akakaza vichwa vya betri yake, kisha akaiinua na yangu pale chini, akaifunga kwenye gari langu. Akalistua gari lake kwa langu, kwa sababu sasa betri yenye njaa ilikuwa kwake. Akasema Jumamosi nimlete Lusia Katumba tukamwone mtoto. Saa nzima kwenda, saa nzima kurudi kwa mwendo wa taratibu. Betri itashiba.

Hakuniomba ufunguo wake. Nilimpa mwenyewe.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumekwenda Katumba. Lusia alivaa kitenge chake kipya na akakaa mbele, mara ya kwanza tangu tununue gari kwenda mbali kuliko kanisani. Alifungua kioo akaacha upepo umpige. Aliimba kidogo. Nilikuwa nimesahau kwamba anaimba.

Mtoto ni mzuri. Ana nywele nyingi na hasira. Eufrazia alinipa nimpakate, akanishukuru kwa ile simu ya siku moja kabla ya uchungu. Akasema mume wake alimweleza jinsi nilivyowajali. Hajui kitu. Méthode alikuwa anamenya muwa, hakuinua macho.

Nilimshika yule mtoto vizuri, mikono miwili. Nikajiambia mambo mengi mazuri ambayo sitayaandika hapa.

Tumerudi na viazi vitamu kwenye buti. Gari halijawahi kuunguruma vizuri hivi.

Jumapili, 17 Agosti

Wiki nzima gari linawaka kwa mbonyezo mmoja. Nimechunguza sababu. Si ile safari. Ni kule kuanikwa juani, imechukua muda tu kuonyesha matokeo, kama dawa za kienyeji. Nimemwambia Haidari aanze kuanika betri za wateja. Hadia alikuwa karibu, akaingia ndani.

Leo nimewasilisha ripoti ya kamati kwa wazee. Kurasa nne. Nimeeleza kwamba baada ya uchunguzi wa kina, betri husika imerejeshwa mahali pake katika hali nzuri, na kwamba mhusika, ambaye kamati imeona busara kutomtaja, ameonywa vikali na mwenyekiti. Katika mapendekezo nimegusia kwamba baadhi ya waumini huficha habari muhimu kwa kamati kwa zaidi ya siku kumi, na kwamba tabia hiyo inadhoofisha ulinzi. Sikutaja Katumba.

Wazee wamefurahi. Mmoja akasema hajawahi kuona kamati hapa iliyomaliza kazi. Méthode aliombwa athibitishe kwamba betri yake imerudi. Akathibitisha. Akaulizwa kama ana la kuongeza. Alinitazama, akangoja. Akangoja tena. Nami nilikuwa namwangalia katibu, nahakikisha anaandika.

Akasema hana.

Basi wazee wakaona mtu kama huyu asipotee bure. Kuanzia leo mimi ndiye mtunza mali wa kanisa. Vipaza sauti, viti mia mbili vya plastiki, na lile jenereta jipya lililoletwa Ijumaa. Funguo zote za stoo zimewekwa mkononi mwangu mbele ya watu.

Jioni nimekwenda kulikagua lile jenereta. Nalo ni la kuwashia kitufe. Nimefungua kifuniko cha pembeni, nikavaa miwani, nikaangalia. Lina betri yake ndogo, mpya kabisa, haijaandikwa kitu ubavuni.

Nimeitoa nikaipima uzito tu.